Mmoja Wetu Hajavuka

Nilipokuwa mtoto, moto wa nyumbani kwetu Kariakoo haukuwashwa kwa kiberiti. Kiberiti kilikuwepo, kimewekwa rafuni pamoja na sindano na vifungo, lakini kilikuwa cha taa na cha ubani. Moto wa kupikia ulitoka kwenye moto wa jana. Baada ya chakula cha jioni Bibi alikuwa akichagua makaa mawili matatu yaliyoiva vizuri, anayafukia kwenye majivu, na alfajiri anayafukua, anaweka mkaa mpya juu yake na kupuliza. Akikuta yamezimika hakuhangaika. Alichukua koleo akavuka ua hadi kwenye jiko la Mama Urio, akaomba kaa moja. Siku nyingine Mama Urio ndiye aliyekuja kwetu.

"Sasa huo moto ni wa nani?" Baba aliwahi kumtania. "Leo wako, kesho wa Mama Urio."

"Moto ni wa ua," Bibi akamjibu. "Nyinyi mnaazima tu."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Kiswahili, Mtaa wa Mchikichi: korido katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua wenye bomba moja na choo kimoja. Sisi tulipanga vyumba viwili. Mama Urio, ambaye yeye na mumewe walitoka Kilimanjaro, alipanga chumba kilichofuata na kuuza mchele sokoni. Bibi Somoe alikuwa mama mzazi wa Baba. Alikuja mjini kutoka Lindi akiwa bibi harusi, akafikia nyumba hiyo hiyo, na Baba akazaliwa katika chumba cha pembeni, kile chenye dirisha linalotazama bomba. Ninaliandika jambo hili mapema kwa sababu sote tulilijua na hakuna aliyelifikiria.

Baba alikuwa mtunza stoo katika ghala moja Gerezani. Alipata kiwanja Mwasonga, ng'ambo ya Kigamboni, siku ambazo huko kulikuwa shamba kweli: mikorosho, minazi, mchanga, na njia ambayo gari likipita watoto hutoka kulitazama. Leo nikiwaambia wanangu kwamba ukishuka kwenye pantoni ulikuwa unaingia porini, wanadhani natia chumvi. Baba alijenga polepole kwa miaka. Alisema amechoka kuomba ruhusa ya kupigilia msumari kwenye ukuta wa mtu.

Shangazi yangu husimulia kwamba tulihama Jumamosi. Si kweli. Ilikuwa Jumapili, maana Mama Urio alichelewa kanisani ili atusaidie kufunga vyombo, na nakumbuka gauni lake la kanisani limefunikwa khanga ili lisichafuke. Pikapu ya kukodi ilikuwa imesimama nje. Vitanda vilikuwa vimepakiwa, na sanduku la Bibi, lile la bati lenye maua mekundu. Hapo Bibi akatoka uani ameshika chungu kidogo kwa mikono miwili, amekikinga kwa kitambaa.

"Mama, hicho cha nini?" Baba akauliza.

"Moto."

"Kule kuna kiberiti, Mama."

"Kiberiti kipo kila mahali. Nyumba huhama na moto wake."

Baba akamtazama Mama, labda akitaka msaada. Mama akajishughulisha na godoro. Basi Bibi akapanda mbele pamoja na chungu chake mapajani, na mimi nikabanwa katikati yake na dereva. Niliusikia ule ujoto kwenye paja langu mpaka Feri.

Pale Feri abiria walishuka, gari likaingia kwenye pantoni peke yake na watu wakaingia kwa miguu. Bibi aliingia na chungu chini ya khanga, na hakuna aliyeona kitu. Nadhani angevuka nacho salama kama si wasiwasi wake mwenyewe. Tulipokwisha kusimama ubavuni mwa lori lililobeba mapipa, aliinua kifuniko kuona kama makaa yangali hai. Akapuliza kidogo. Moshi ukatoka, na cheche mbili.

Mlinzi alikuja upesi. Alikuwa kijana mwenye adabu, na katika kusimulia kwetu mara nyingi tumemdhulumu kwa kumfanya mkali.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Hapo umebeba nini?"

"Nyumba."

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Hata yeye alitabasamu. "Nyumba gani inafuka moshi, Bibi? Yale mapipa ni ya petroli. Naomba uizime, tusije tukaungua wote hapa."

"Nitaifunika tu. Haitatoka tena."

"Bibi, naomba."

Watu walikuwa wanatazama. Mwanamke mmoja mwenye ndoo ya samaki alisema, "Wazee hawa, hata Mwenyezi Mungu anawaogopa," na kicheko kikaongezeka. Baba alikuwa mtu wa haya. Alikuja, akakichukua kile chungu mikononi mwa mama yake, bila ukali, kama unavyomchukua mtoto aliyelala, akaenda nacho ukingoni. Nilisikia sauti ya makaa yakiingia majini. Ilikuwa sauti fupi.

"Samahani, ndugu yangu," akamwambia mlinzi. "Wazee."

Kisha akamrudishia Bibi chungu kitupu. Bibi alikipokea, akakishika vilevile kwa mikono miwili mpaka ng'ambo. Pantoni ilipogusa upande wa Kigamboni na watu wakaanza kusukumana kutoka, alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja hali ya hewa:

"Mmoja wetu hajavuka."

"Mama, tafadhali," Baba akasema. "Mbele ya mtoto."

Mimi nikatuhesabu. Baba, Mama, Bibi, na mimi. Tulikuwa wote.

*

Huko kwao Bibi, kama alivyonieleza baadaye, watu waliohama walibeba moto kutoka nyumba ya kale hadi nyumba mpya, hata kama ni mwendo wa kutwa, wakipokezana kuupulizia njiani. Moto ukifika, wote wamefika. Ukizimikia njiani, mmoja wa waliohama mwili wake hufika na moyo wake hubaki. Haifahamiki ni nani mpaka ajionyeshe. Na huyo hakai. Bibi hakueleza "hakai" maana yake nini, nami nilikuwa darasa la tatu, na siku zile nilikuwa nimeshasikia watu wazima wakisema "hakukaa" juu ya mtoto wa jirani aliyefariki.

Kwa hiyo nilianza kuwachunguza watu wangu.

Mama nilimwondoa mapema. Wiki ile ile alikuwa amelima tuta la matembele na tuta la mchicha, na jirani wa kwanza aliyetuletea muhogo alimkuta amepiga magoti kwenye udongo anaimba. Baba pia nilimwondoa. Nyumba ilikuwa yake. Nilimwona akipita chumba hadi chumba akigusa kuta kwa kiganja, na nikadhani ni furaha. Alipigilia misumari kila mahali, mingine haikuwa na kitu cha kutundika.

Akabaki Bibi. Na Bibi alikuwa na dalili zote. Hakufungua sanduku lake. Lilikaa chini ya dirisha limefungwa kwa kufuli vilevile lilivyoshushwa. Asubuhi alikaa nje ametazama njia. Alichokipika Mama kwa moto wa kiberiti alikila, lakini alisema, "Kimeiva," kwa namna ambayo Mama alielewa. Na alikuwa kimya. Nyumba nzima ilikuwa kimya. Kariakoo nilizoea kulala huku redio ya mtu, mkokoteni wa mtu na ugomvi wa watu vikipita dirishani. Mwasonga ulisikia korosho ikidondoka juu ya bati.

Nililala kitanda kimoja na Bibi tangu nilipoachishwa ziwa. Sikuwa na wazo la dunia ambayo yeye hayumo. Siku moja, tukichambua mchele kibarazani, nilishindwa kuvumilia.

"Bibi, ni wewe?"

"Mimi nini?"

"Ambaye hajavuka."

Akaacha ungo. Akanitazama, halafu akacheka. "Ala, mke mwenza. Umechoka kubanana na mimi, unataka kitanda peke yako?"

Ndivyo alivyoniita siku zote, mke mwenza, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wa kike. Lakini hakunijibu. Alirudi kwenye ungo, na baada ya muda akasema, "Baba yako leo amekwenda wapi?"

"Kutafuta bawaba."

"Jumapili iliyopita?"

"Kutafuta bawaba."

"Haya," akasema. "Chambua mchele."

Lazima nieleze habari za bawaba. Mlango wa nyuma wa nyumba yetu ulikuwa haujafungwa. Ulikuwa umeegemezwa ukutani, na usiku Baba aliuburuta akaziba nao uwazi, akauwekea gogo. Ulihitaji bawaba mbili tu. Kila Jumapili Baba alivaa shati safi, akaenda mjini kuzitafuta, na kila Jumapili alirudi na pantoni ya jioni bila bawaba. Zilizopo ndogo. Zilizopo kubwa. Sizi yake imekwisha. Alikuwa mtunza stoo, na alikuwa akizitafuta Kariakoo, mahali ambapo ukikosa kitu ni kwa sababu hakijatengenezwa duniani. Hata hili sote tulilijua na hakuna aliyelifikiria. Labda Bibi.

Usiku nikawa silali. Namsikiliza anavyopumua. Mama aliponiona nasinzia juu ya uji asubuhi kadhaa mfululizo, aliniuliza, nami nikalia na kumwambia yote. Mama hakuwa mtu wa mambo hayo. Alisoma kwa masista Ndanda, na Bibi akianza habari zake, yeye alitafuta kazi ya kufanya. Alinifuta kamasi kwa upindo wa khanga.

"Jumapili tutakwenda kuuchukua huo moto," akasema. "Watu walale."

"Mlinzi atatukataza."

Akafikiri kidogo. Kisha akaangua chemli iliyokuwa imetundikwa kwenye mmoja wa misumari ya Baba, akaitikisa kusikia kama ina mafuta. "Taa hawakatazi," akasema.

Jumapili ile Baba alitangulia, na shati lake safi. Sisi tukafuata baadaye. Bibi tulimwambia tunakwenda kumsalimia Mama Urio. Aliiona chemli mkononi mwa Mama, mchana kweupe, na hakuuliza kitu.

Korido ya nyumba yetu ya zamani ilikuwa baridi na yenye kiza kama siku zote, na harufu ileile ya sabuni na vitunguu. Nilitaka kukimbia, Mama akanishika bega. Alikuwa amesikia kitu. Uani kulikuwa na mtu anacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha kutoka tumboni, na nilichukua muda kukitambua kwa sababu nilikuwa sijakisikia tangu tuhame.

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na bomba, mahali palipokuwa jiko la Bibi. Amevua viatu. Amevua shati na kulitundika kwenye kamba, amebaki na fulana. Mbele yake kulikuwa na beseni la maji, na alikuwa anamenya ndizi za Mama Urio. Baba yangu, ambaye nyumbani hakushika kisu ila kukata mkate, alikuwa anamenya ndizi mbichi kwa ustadi, utomvu umemjaa vidoleni.

Mama Urio alituona kwanza. "Aisee, Mama Zena! Karibuni. Leo mmeamua kumfuata mwenyewe? Nilimwambia, kila Jumapili unakuja peke yako, mkeo atafikiri nimekuoa."

Hakuna aliyecheka. Kisu cha Baba kilisimama. Sijapata kumwona mtu mzima akiwa na uso ule, na sina hakika nimewahi kuuona tena. Haukuwa uso wa mtu aliyekamatwa na kosa. Ulikuwa kama wa mtoto aliyekutwa mahali alipojificha kulia.

Ningeweza kuandika kwamba Mama alisema maneno mazito. Alisema hivi tu:

"Bawaba umepata?"

"Bado," Baba akasema.

"Haya. Sisi tumekuja kuchukua moto."

Mama Urio akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaelewa mengi kuliko aliyoambiwa. "Ule wa Bibi?" akasema. "Mama Zena, nisikudanganye. Juzi ulinizimikia. Nikaenda kuomba nyumba ya pili, na wale walikuwa wameomba kwangu siku ya nyuma yake. Ndio huu. Sijui kama unafaa."

"Moto ni wa ua," Baba akasema.

Alinawa mikono bombani, taratibu, akisugua utomvu. Akachukua chemli kutoka kwa Mama. Akashika kaa kwa koleo, akalipulizia mpaka likawa jekundu, akachomea kipande cha karatasi, na kwa karatasi ile akawasha utambi. Akashusha kioo. Kisha akabaki amechuchumaa pale, taa inawaka juani, mwali hauonekani vizuri, akaangalia bomba, na dirisha la chumba cha pembeni, na ukuta wa choo. Mama alinivuta mkono tukaenda kusubiri koridoni. Nilikuwa bado sijaelewa, lakini nilielewa kwamba sipaswi kutazama.

Aliibeba mwenyewe. Mtaani watu walimtazama, mwanaume mzima na chemli inayowaka saa tisa ya mchana. Pale Feri kijana mmoja wa kubeba mizigo alimwita, "Mzee, jua hulioni?"

"Naliona," Baba akajibu. "Hii si ya kuonea."

Yule mtu wa haya alisimama katikati ya pantoni, ameikinga taa kwa shati lake lililofunguliwa vifungo, upepo wa mlango wa bandari ukimpiga mgongoni, na kioo kikawa cheusi upande mmoja. Mlinzi alipita, akaangalia, akaendelea na safari yake.

Bibi alikuwa kibarazani. Alituona tangu tulipotokeza kwenye mikorosho, na nakumbuka hakutazama taa. Alitazama nani ameishika. Baba alipofika, alimpa. Bibi akaingia nayo jikoni, na muda mfupi baadaye tulisikia anapuliza.

Alipotoka alisema, "Sasa nifungulie hilo sanduku. Kufuli limeshika kutu tangu tulipofika, nami sina nguvu, na kila nikikutaka hupo."

Ndiyo sababu ya sanduku. Nilikuwa nimelala macho kwa ajili ya kufuli lenye kutu.

Siku zilizofuata nilimuuliza tena, na safari hii alinijibu. Alikuwa anapaka mafuta nywele zangu, sikuuona uso wake. "Mimi nimehama Lindi, mke mwenza. Kabla ya Lindi tulihama mara nyingi, baba yangu alikuwa mtu wa kufuata mashamba. Mimi mahali popote naweka mkeka. Mama yako naye katoka kwao akaja kwetu. Wewe mtoto, mtoto ni pale alipo mama yake. Niambie nani hajapata kuhama katika maisha yake."

Nikatuhesabu tena. Alibaki mmoja.

"Basi moto nilimbebea huyo," akasema. "Naye kautia majini kwa mkono wake."

Jumapili iliyofuata Baba alirudi na bawaba mbili. Sizi ilikuwa sawasawa.

*

Sitaki kusema kwamba tangu hapo alitulia. Alivuka, nadhani, lakini mguu mmoja mmoja. Aliendelea kwenda Kariakoo hadi magoti yalipokataa, tofauti ikawa kwamba aliaga: "Naenda kwa akina Urio." Mama akimfungia muhogo au korosho za kupeleka. Bibi alizikwa Mwasonga, na Baba naye amelala huko, karibu na mama yake, chini ya mikorosho aliyoikuta. Mama bado yuko, na ana matuta mengi kuliko nguvu zake.

Mimi ndiye niliyerudi. Nimeolewa Kariakoo, nakaa ghorofa ya nne, napikia gesi. Miaka ya mwisho ya Baba nilikuwa nikivuka kila mwisho wa wiki kumwona, na aliniuliza habari za mtaa: duka la pembeni linauza nini sasa, mafundi cherehani wangali barazani, Mama Urio karudi kwao moja kwa moja au huja. Nyumba ilipovunjwa nilimwambia. Nikajilaumu ndani kwa ndani. Kisha akauliza, "Na bomba wamelipeleka wapi?"

Watoto wangu huniuliza kama ninaamini habari za moto. Nawaambia niliona nilichokiona. Lakini nimekuwa mkubwa kuliko alivyokuwa Baba siku ile, na ninavyozidi kulifikiri neno la Bibi kwenye pantoni, ndivyo ninavyolisikia vingine. Hakuwa anatutisha. Aliyajua mambo ya mwanawe, na alijua huwezi kumwambia mwanaume mwenye nyumba mpya, mbele ya mkewe na binti yake, kwamba ataililia ya zamani. Unamwambia habari za moto. Unasema "mmoja wetu," ili asijisikie ametajwa.

Pale ilipokuwa nyumba yetu ya Kariakoo sasa kuna jengo refu. Chini ni maduka ya chupa za chai na masufuria. Nimejaribu kupima kwa macho, kutoka kwenye kona ya mtaa, na kwa kadiri ninavyoweza kukisia bomba lilikuwa pale inapoanzia ngazi, na jiko la Bibi hatua chache mbele yake, kwenye njia wanamopita wateja. Haja nyingi hunipeleka huko, kwa hiyo napita mara kwa mara. Watu hupita katikati na mizigo yao. Mimi miguu yangu huzunguka pembeni, kama mtu anayekwepa jiko linalowaka.